Mguu Wenye Alama ya Kifungo

Maneno yalinikuta nimepiga magoti. Mteja wangu, mama wa kijana anayesoma na binti yangu, alikuja kupunguziwa gauni, nami nilikuwa chini nabana pindo. Nikamsikia huko juu akisema, kama mtu anayesifia hali ya hewa:

"Mwenzangu una bahati. Binti yako anachongewa miguu na mchumba. Wetu wanajichongea wenyewe mpaka viganja vinatoka malengelenge."

Nilikuwa na pini tatu mdomoni. Watu wanapenda kumsema fundi cherehani akiwa na pini mdomoni, wanajua hana la kujibu. Nilipozitoa, yeye alikuwa ameshahamia kwenye habari za kola. Lakini maneno yalishaingia, na usiku na mchana yakawa yananizunguka kama nzi kwenye chumba kilichofungwa madirisha.

Niwaeleze, maana si kila mtu anajua kazi hii. Binti yangu anasomea kutengeneza viungo bandia. Tunamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha shati la baba yake, tukakesha tunakisubiri. Mwaka wa mwisho chuo kilimpeleka kwenye karakana iliyo nyuma ya hospitali, akafanye mazoezi ya kazi miezi sita. Wanafunzi walikuwa wanne. Na kila mwaka, karakana ile humbakiza mmoja, akaajiriwa. Wengine watatu hurudi na vyeti vyao, kila mmoja na bahati yake.

Mimi niliishia shule ya msingi, lakini jambo hilo nalijua vizuri kuliko waliosoma. Mtoto wa dada yangu alisomea maabara. Mazoezi yake aliyamaliza akichemsha chai na kubeba mafaili, akaona raha, hachoki. Leo cheti chake kiko ukutani ndani ya fremu, na yeye yuko chini ya fremu, mwaka wa pili sasa. Kila anakokwenda wanamuuliza, "Ulishika nini huko ulikofanya mazoezi?" Anajibu, "Nilishika kila kitu." Wanamwambia tutakupigia.

Basi niliposikia binti yangu anachongewa, sikufikiria mapenzi kwanza. Niliona fremu ukutani kwangu.

Siku ya pili nikabeba aproni nne nilizowashonea wanafunzi, nikaenda nazo karakana kama mtu mwenye shughuli.

Nilisimama mlangoni kabla hawajaniona. Chumba kilikuwa cheupe chote, sakafu, meza, mpaka kope za watu, kwa vumbi la plasta. Kwenye rafu kumepangwa vigutu vya plasta, mifano ya miguu iliyokatika ya watu wasiokuwepo, kila kimoja na namba. Binti yangu alikuwa ameinama anachonga kimojawapo kwa tupa. Pembeni yake alisimama kijana mrefu, futikamba shingoni. Nilimtambua hapohapo, maana Kifungo alikuwa akimtaja nyumbani mara kumi kwa siku, kwa lile jina wanalomwita karakana, Futikamba, kwa kuwa hakosi kipimo shingoni hata akienda kula. Ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

Binti yangu alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Kijana akauwekea tupa ndogo, bila kuangalia. Watu wawili hawafiki pale kwa wiki mbili. Mimi na baba yake ilituchukua miaka minne.

Kifungo alipokwenda kunawa, nikamsogelea yule kijana.

"Shikamoo mama," akasema, akajifuta mikono haraka.

"Marahaba. Wewe ndiye unayesaini kitabu cha mazoezi cha binti yangu?"

"Ndiye mimi. Kila Ijumaa."

"Na hivi vigutu anachonga nani?"

Alikikung'uta vumbi kigutu kilichokuwa karibu naye. "Anachonga mwenyewe, mama. Mimi namwonyesha kwa kidole."

"Kidole chako kina meno ya tupa?"

Akataka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha.

"Nikuulize swali la mtu asiyesoma," nikamwambia. "Unampenda?"

Alishika ncha mbili za ile futikamba kama mtu anayeshika usukani. Na niseme ukweli, mwanaume mwenye futikamba shingoni ni vigumu mimi kumchukia. Akasema taratibu:

"Nimepanga kuleta wazee wangu nyumbani, akishamaliza mazoezi. Sikutaka hata yeye nimwambie nikiwa bado na kalamu ya kumpa maksi."

"Hujamwambia?"

"Sijatamka, mama. Lakini sidhani kama kuna kilichofichika."

Jibu lile lingemtuliza mtu mwenye akili zake. Mimi nilikuwa na hofu, na mwenye hofu husikiliza hofu yake tu. Nikamwambia:

"Basi kaa mbali naye mpaka mtihani upite. Na asijue kwamba nimekuja kusema haya."

"Nikinyamaza ghafla, atadhani nini?"

"Atadhani unaheshimu kazi."

"Samahani mama, huyo hatadhani hivyo."

"Namjua tangu yuko tumboni."

Akainamisha kichwa. "Sawa. Nitafanya ulivyosema, kwa sababu wewe ni mzazi. Lakini nimekwambia."

Nikaondoka nikitembea kwa maringo, nikijiona mama wa maana.

Jumatatu yake yule kijana aliomba abadilishiwe mwanafunzi. Kifungo akachukuliwa na mkuu wa karakana mwenyewe, mama mmoja mfupi, mkali, wanayemwita Mama Plasta kwa sababu wanasema akikauka hapindiki. Hapo ndipo nilipoharibu. Wanafunzi wenzake walipoona amehamishwa, walitazamana wakasema: kumbe kweli alikuwa anachongewa. Mimi niliyekwenda kuyazima maneno, nikawa nimeyapigia muhuri.

Yaliyotokea kati yake na Futikamba siku ile, binti yangu alikuja kunisimulia baadaye. Alimfuata kwenye chumba cha kukorogea plasta. Futikamba alikuwa anaosha bakuli, amempa mgongo.

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu."

"Basi niambie kwa uso. Mgongo sijauzoea."

Akageuka. Kifungo anasema macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi. "Msimamizi wako sasa ni Mama Plasta. Ni bora kwako."

"Sikuulizi habari za msimamizi. Nakuuliza wewe."

"Mimi nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Akarudia kuosha bakuli lile, na bakuli lilikuwa safi zamani.

"Sawa," Kifungo akamwambia. "Subiri. Ila ujue mimi si foleni."

Tangu hapo nyumbani kukawa kimya. Zamani akirudi alikuwa ananionyesha kwa mikono jinsi wanavyofanya: unakifunga kigutu kwa bandeji yenye plasta mbichi, ikikauka unaivua kama soksi, unajaza plasta ndani, unapata mfano wa mguu wa mtu. Kisha unauchonga. "Panapobeba uzito, unapunguza, Mama. Panapouma, unaongeza, ili mfupa upate nafasi." Juu yake wanavalisha plastiki ya moto, na hicho ndicho kikombe kinachomeza kigutu. Akikosea mchongaji kwa upana wa ukucha, mtu anaumia kila hatua. Sasa akirudi alikuwa anavua viatu, anaingia chumbani, basi.

Mtihani wake ulikuwa mguu wa kinyozi mmoja, mtu wa makamo aliyepoteza mguu chini ya goti kwa ajali. Siku ya kumjaribisha mara ya kwanza, kinyozi alitembea kwenye vile vyuma viwili vya kushikilia, akaenda vizuri, watu wakaanza kupumua. Mama Plasta akasema, "Simama tu, usitembee." Nusu saa baadaye wakamvua. Ngozi juu ya mfupa wa mbele ilikuwa imeiva kama nyanya.

"Mguu huu umechongwa na mtu mwenye hasira," Mama Plasta akamwambia binti yangu mbele ya wote. "Ijumaa ijayo ulete mwingine. Hakuna Ijumaa ya tatu."

Jioni ile alirudi akakaa kwenye kigoda mbele ya cherehani yangu. Hakulia. Alichukua kipande cha kitambaa akawa anakichomoa nyuzi moja moja.

"Mama, nafasi imekwenda," akasema. "Na kinachoniuma si nafasi. Ni kwamba wanaamini siwezi. Hata yeye anaamini siwezi, ndiyo maana alinikimbia, asichafuke."

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, shetani wa kunyamaza alikaa kabisa begani kwangu. Lakini nilimwona anavyovichomoa vile vinyuzi, nikaona nami ndiye ninayemchomoa.

"Hakukukimbia," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfukuza."

Nikamweleza yote, na pini, na aproni, na maringo yangu ya kutoka nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "ulipotaka kujua kama nachongewa, kwa nini hukuniuliza mimi?"

Nikainama kuokota vinyuzi vilivyoanguka miguuni pake.

"Ungeniuliza ningekwambia. Vigutu viwili vya kwanza alivimalizia yeye. Nilimwacha, kwa sababu nilitaka kazi iishe mapema tukae tuongee. Baada ya hapo nikaona aibu mwenyewe, nikamwambia asiguse. Hakugusa tena. Sasa hilo nani atalisikia?"

"Nitakwenda kwa Mama Plasta, nitamwambia—"

"Huendi popote." Hakupandisha sauti, lakini nilirudi kukaa. "Umeshakwenda mara moja, inatosha."

"Basi nenda kwa kijana, mpatane, moyo wako utulie uchonge."

"Nikimwendea leo, mguu ukitoka mzuri watasema amechonga yeye. Nitamwendea nikiwa na mguu mkononi." Akasimama, akakung'uta nyuzi. "Kesho unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Funga. Unanisindikiza kwa kinyozi. Wewe ulinifundisha nini kuhusu kumpima mpishi?"

Nikakumbuka. Alipokuwa mdogo nilimkalisha pembeni yangu nimfundishe kushona, haikuwezekana, anatumia mkono wa kushoto na mikasi yangu yote ni ya kulia. Lakini kupima alikuwa anapenda kutazama. Nilikuwa namwambia: ukimshonea mpishi koti, usimpime amesimama wima kama nguzo. Mwambie anyooshe mkono kama anafikia sufuria ya nyuma. Nguo inavaliwa kazini.

Tukakaa kwenye benchi la kinyozi asubuhi nzima. Alikuwa ananyoa amejiegemeza kwa gongo. Mteja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Binti yangu alikuwa anachora kwenye daftari. Mimi nikatoa macho ya ufundi, nikaona.

"Hatembei," nikamnong'oneza. "Anazunguka."

"Kushoto tu," akasema naye. "Hazunguki kulia hata mara moja. Uzito wote anaulaza upande wa nje, halafu anageuka juu yake."

"Mlikuja kunyolewa au kunisengenya?" kinyozi akauliza.

"Tumekuja kukuomba msamaha," Kifungo akamjibu. "Nilikutengenezea mguu wa mtu anayekwenda sokoni. Wewe unahitaji mguu wa mtu anayezunguka kichwa."

Kinyozi akacheka mpaka mteja akashika sikio lake kwa kuhofia mkasi.

Wiki ile alichonga mfano mpya tangu mwanzo. Nilimshonea soksi ya pamba ya kuvaa kigutuni, isiyo na mshono mbele. Ilipofika Ijumaa soksi ilikuwa bado haijamaliza kukunjwa ukingo, akaniambia, "Njoo nayo saa nne. Njoo ukae. Usiseme neno." Ndivyo nilivyoingia kwenye mtihani.

Walikuwepo wote. Mama Plasta na kitabu cha mazoezi mkononi, wanafunzi watatu ukutani, akiwemo yule kijana wa mteja wangu wa gauni. Futikamba alisimama mwisho kabisa, karibu na tanuri la plastiki, amekonda. Binti yangu alipita mbele yake na mguu mikononi. Hawakusalimiana. Lakini nilimwona kijana akiufuata ule mguu kwa macho, kisha mikono iliyoushika, kisha uso wa aliyeushika, na hapo macho yake yakakwama.

Kinyozi akavaa soksi, akavaa mguu. Akatembea kwenye vyuma, akaviachia, akaenda mpaka dirishani akarudi.

"Hilo hata wa kwanza uliweza," Mama Plasta akasema.

"Najua," binti yangu akasema. "Ndiyo maana nimeomba aje na mkoba wake wa kazi. Naomba anyoe mtu, kichwa kizima, bila gongo. Akimaliza tumvue tuangalie ngozi."

Mama Plasta akakuna kidevu. Nadhani ilimpendeza, lakini kwa uso ule huwezi kuapa. "Anyolewe nani?"

Wanafunzi wote wakashika vichwa vyao. Mama Plasta akatazama chumba, akatazama mpaka kwenye tanuri. "Wewe, Futikamba. Nywele zako zinatosha mtihani. Kaa hapa katikati."

Akaja akakaa. Na hapo nikaona jinsi Mungu anavyopanga viti. Binti yangu alitakiwa kupiga magoti kutazama mguu wa kinyozi unavyozunguka kile kiti, na kwenye kiti yuko yule aliyeahidi kukaa mbali naye. Kinyozi alimpa kijana kioo kidogo akishike. Kioo kile hakikuonyesha nywele hata kidogo. Kilikuwa kimeelekezwa chini, kwa aliyepiga magoti.

"Kijana ana kichwa kikubwa," kinyozi akasema. "Mtihani utachelewa."

Akaanza. Akazunguka kushoto, akajilaza upande wa nje, akageuka. Mguu ukakubali. Akazunguka tena.

"Mbona umenyong'onyea hivi?" akamuuliza mteja wake. "Nywele zinadondoka kabla sijazikata."

"Sijui kama naruhusiwa kuongea," Futikamba akasema.

"Kwenye kiti changu hata bubu huongea."

Kijana akakiangalia kioo. "Nilikuwa nasubiri leo ipite."

Binti yangu hakuinua kichwa. Alikuwa anauangalia mguu. "Fundi, kaza goti kidogo," akamwambia kinyozi. Kisha, vilevile akiwa anauangalia mguu, "Ungesema unasubiri nini, ningesubiri na mimi."

"Niliahidi nisiseme."

"Najua uliyemwahidi. Amekaa pale, ndiye aliyeleta soksi."

Watu wote wakanigeukia. Nilitamani sakafu inimeze na aproni zangu zote.

"Na ulikuwa unadhani siwezi?" binti yangu akamuuliza.

"Ningedhani huwezi, ningebaki nikusaidie."

Mkasi ukasimama hewani. Kinyozi akasema, "Naomba mnisamehe, hapa lazima nikate taratibu."

Ilichukua dakika arobaini. Kinyozi alipomaliza alikung'uta kitambaa, akakaa, akavuliwa mguu. Mama Plasta akavaa miwani. Akabonyeza kila mahali kwa kidole. Panapobeba palikuwa na wekundu mwepesi, kama shavu la mtoto aliyelala. Kwenye mfupa, hakuna kitu.

"Unauma wapi?"

"Hauumi," kinyozi akasema. "Hawa wawili walipokuwa wanaongea nilisahau nimeuvaa."

Mama Plasta akamgeukia binti yangu. "Sasa nijibu mbele ya hawa. Kuna maneno hapa kwamba unachongewa. Kweli au uongo?"

Angeweza kusema uongo, na siku ile wangemwamini.

"Viwili vya kwanza, kweli," akasema. "Alivimalizia, nami nilimwacha. Kuanzia cha tatu, ni mimi."

Futikamba akasimama na kitambaa cha kinyozi bado shingoni. "Kosa ni langu, mimi ndiye msimamizi."

"Kaa, una nywele sikioni," Mama Plasta akamwambia. Akaenda kwenye rafu, akashusha vigutu vya plasta kimoja kimoja, vyote vyenye namba za binti yangu, akavipanga mezani. Akawaita wanafunzi wasogee.

"Tazameni hapa juu kwenye ukingo, msasa haufiki. Mnaona mistari ya tupa? Kwenye hivi viwili inalala kulia. Kuanzia hiki cha tatu mpaka cha mwisho, yote inalala kushoto. Katika chumba hiki nani anatumia mkono wa kushoto?"

Macho yote yakageuka, jibu lilikuwa limesimama mbele yao na plasta kwenye nyusi.

"Mimi haya nayajua tangu mwezi wa pili," Mama Plasta akaendelea. "Sikusaini kwa maneno ya watu. Vyeti vya chuo chenu vyote vinafanana, hata muhuri ni mmoja. Mimi nikitaka kumwajiri mtu natazama alichofanya alipokosea, na natazama rafu. Leo nilitaka kusikia tu kama atanidanganya."

Akatoa kalamu nene ya wino mfukoni. Hapo nieleze: kila fundi pale ana alama yake, anaiweka ndani ya kikombe cha mguu, ili siku mguu ukiuma ijulikane wa kuulizwa ni nani. Mwanafunzi haruhusiwi. Kazi yake yote inabeba alama ya msimamizi, ndiyo maana wengi humaliza mazoezi na hakuna mguu hata mmoja duniani unaoweza kuwatolea ushahidi.

"Weka alama yako," akamwambia.

Binti yangu alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Akachora duara dogo, na ndani yake nukta nne. Kifungo cha shati.

"Jumatatu saa moja na nusu unaanza kazi," Mama Plasta akasema. "Aproni unayo. Na nyinyi wawili mnisikilize. Hapa hakuna mtu anayesaini kazi ya mtu anayempenda. Futikamba, kuanzia Jumatatu unahamia upande wa mikono bandia. Huko mtapendana kupitia ukutani."

Tulipotoka, kijana alitukuta getini, kichwa kimenyolewa vizuri mno upande mmoja na vibaya kidogo upande wa pili, pale mkasi uliposimama. Akanisalimia mimi kwanza.

"Mama, kile kimya nimekirudisha."

"Nimekipokea, mwanangu," nikasema. "Na unisamehe. Ulinionya."

"Wazee wangu wanauliza kama Jumamosi ya kesho... hapana, kama Jumamosi ijayo mpo nyumbani."

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikamtazama binti yangu, mwenye jibu.

Kifungo alimwangalia kijana muda mrefu, kama anavyoangalia kigutu kabla ya kukigusa, anatafuta panapouma ni wapi. Kisha akanyoosha mkono, akamtoa unywele sikioni. "Waje saa kumi," akasema. "Asubuhi nampelekea kinyozi soksi ya pili, na nikiwa kazini siharakishi." Akatembea mbele. Kijana akaukimbilia mkoba wangu, akaubeba, na nikawaacha watangulie, mimi nikiwa nyuma napunguza hatua kwa makusudi.

Gauni la mteja wangu alikuja kulichukua wiki iliyofuata. Safari hii mdomo wangu ulikuwa mtupu, na nilikuwa nimejiandaa. Lakini nilimwona amechoka, mtoto wake hakubakizwa. Nikamuuliza, "Yeye huko alikuwa anapenda kufanya nini?" Akasema mikanda, ile ya ngozi ya kufungia miguu, alikuwa anaishona yake na ya wenzake. Nikamwambia amwombe Mama Plasta aandike hilo, hilohilo, kwenye barua, si maneno ya bidii na nidhamu. Juzi kijana ameitwa na watu wanaotengeneza viatu vya wagonjwa. Walimuuliza ulishika nini, akawawekea mkanda mezani.

Wazazi wenzangu, haya ndiyo ya kuepuka.

Usimtafutie mtoto mahali pa mazoezi kwa sababu ni karibu na nyumbani. Uliza kwanza atashika nini.

Usifurahi akirudi hajachoka wala hajachafuka.

Usiruhusu kitabu kisainiwe kabla ya Ijumaa yake.

Mtu asimfanyie kazi, hata kwa huruma. Kwa mapenzi ndiyo kabisa.

Usisubiri mwezi wa mwisho ndipo uulize kama wanaajiri.

Barua isiyotaja kazi aliyofanya, usiitie kwenye bahasha.

Usiende kazini kwake nyuma ya mgongo wake, hata ukiwa na aproni.

Usimwombe mtoto wa watu anyamaze kwa niaba yako.

Usimwulize jirani jambo la binti yako, naye yuko chumba cha pili.

Na panapouma, usikaze.